Kutoka Nyamianda hadi kwenye theluji: barabara ya baridi haitaki haraka

Mwezi wa kumi na mbili, Uvira iko katika mvua. Mvua kubwa ikinyesha juu ya milima ya Mitumba, mto Mulongwe hushuka na maji mekundu yanayobeba mawe na miti. Mtu wa Nyamianda mwenye safari ya kuvuka siku hiyo anajua la kufanya. Anasimama kando, anatazama maji, anangoja yapungue. Hakuna anayemwita mvivu.

Mwezi huohuo, ndugu zake walio Marekani, Kanada, Norwe, Uswidi na Finlandi wanaingia katika majira ya baridi. Nao wana mto wa kungoja, ila mto wao hauna sauti. Ni theluji inayofunika barabara usiku kucha, na barafu nyembamba ambayo jicho haliioni. Kwa bahati mbaya, huu ndio wakati ambapo kila mtu anataka kusafiri. Noeli iko karibu, Bonane inafuata, kuna ndoa, kuna matanga, kuna kwaya inayongojewa katika mji wa mbali, na kazini zamu haziahirishwi.

Hapo ndipo watu wanapotea. Wengi wao wamekuwa wakiendesha gari kwa miaka na wanalijua vizuri. Kinachowaponza ni kwamba walitaka kufika kwa saa ileile wanayofika wakati wa joto.

Mji wa ziwa, kama Uvira

Buffalo ni mji wa Marekani ulio kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie, karibu na mpaka wa Kanada. Uvira nayo iko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi Buffalo imekuwa mmoja wa miji inayopokea wakimbizi kutoka pande nyingi za dunia, na kati yao kuna Wakongo wengi.

Ziwa Erie halina kina kirefu. Mahali pake penye kina kuliko pote hapafiki mita 70, wakati Tanganyika inashuka hadi mita 1,470. Lakini mwanzoni mwa baridi, maji ya Erie yanakuwa bado na joto lililobaki la kiangazi. Upepo wa baridi kali unapopita juu ya maji hayo hubeba unyevu mwingi, na ukifika nchi kavu huumwaga wote kama theluji. Ndiyo sababu kartie moja inaweza kuwa na jua, na kilomita chache mbele mtu asione hata mkono wake.

Ijumaa tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka 2022, siku mbili kabla ya Noeli, dhoruba ya namna hiyo iliangukia Buffalo. Joto lilishuka sana kwa saa chache tu. Upepo ulipita mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Hali ya kutoona mbele ilidumu kwa saa 37, na hadi dhoruba ilipokwisha, theluji iliyopimwa kwenye uwanja wa ndege wa mji huo ilikuwa karibu sentimita 130, yaani inamfikia mtu mzima kifuani.

Wakuu walikuwa wametangaza mapema kwamba dhoruba inakuja. Lakini amri ya kukataza magari barabarani ilitoka asubuhi ileile ya Ijumaa, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kutoka kwenda kazini au sokoni kununua vitu vya sikukuu. Magari yalikwama katikati ya njia. Magari ya wazimamoto, ya polisi na ya wagonjwa yaliyotumwa kuwasaidia nayo yakakwama. Kwa muda fulani, mtu aliyepiga simu kuomba msaada hakuweza kufikiwa na yeyote.

Watu zaidi ya 40 walikufa katika Buffalo na maeneo ya jirani. Wengine walikutwa ndani ya magari yao. Wengine walikutwa njiani, wakiwa wamejaribu kutembea kwa miguu. Wengine walikufa ndani ya nyumba zilizokosa umeme, na wengine moyo ulisimama walipokuwa wakiondoa theluji mlangoni kwa koleo. Kati ya waliokufa alikuwamo kijana mkimbizi kutoka Kongo, ambaye alitoka nje dhoruba ikiwa bado inaendelea. Mtu aliyekwisha kukimbia vita alikufa kwa theluji.

Kwa nini wanakwenda mbio

Ni rahisi kwa aliyebaki nyumbani kusema kwamba watu hao walikuwa wazembe. Lakini ili kuielewa haraka ya Mkongo katika nchi za baridi, ni lazima kwanza kukumbuka muda aliongoja kabla ya kufika huko.

Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita Kivu Kusini. Wengi wao walivuka ziwa wakitoka pande za Uvira na Fizi. Kuna waliozaliwa humo, wakasoma humo, wakaoa humo na kupata watoto humo. Wengine walingoja Burundi, katika kambi kama Gasorwe, Musasa na Bwagiriza, au Uganda, katika makao kama Nakivale na Kyangwali. Maisha yao yalikuwa foleni: foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya mahojiano ya HCR, kungoja majina yabandikwe ukutani, kungoja daktari, kungoja siku ya ndege.

Siku ya ndege ikafika. Katika mwaka wa fedha 2016, Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote kati ya wakimbizi walioingia Marekani: zaidi ya 16,000. Wengine walikwenda Kanada, wengine Norwe, Uswidi na Finlandi. Familia ilipanda ndege ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu, ikishika mfuko mweupe wa OIM wenye karatasi zote za maisha yake. Ilitoka katika joto la karibu nyuzi 30, na kwa waliosafiri katika miezi ya mwisho wa mwaka, milango ya uwanja wa ndege ilifunguka mbele ya hewa iliyo chini ya sifuri.

Hapo mbio ndipo zilipoanza. Marekani, msaada wa kwanza wa kupokelewa haukuzidi siku 90. Tiketi ya ndege ni deni ambalo familia inapaswa kulirudisha kidogo kidogo. Kazi zinazopatikana upesi ni zile za zamu, katika viwanda vya nyama, maghala na usafi wa hospitali, na zamu nyingi zinaanza kabla jua halijatoka au zinaisha usiku wa manane. Anayechelewa anaweza kupoteza kazi. Na nyuma yake, Nyamianda, kuna karo ya shule, kuna mgonjwa, kuna nyumba ambayo ziwa limeifikia.

Juu ya hayo yote kuna jambo ambalo halionekani kwenye karatasi. Mtu aliyengoja miaka 20 kambini ana hisia kwamba maisha yalimpita, na sasa anataka kuyakamata. Kumwambia mtu huyo angoje saa mbili hadi gari la kusukuma theluji lipite ni kama kumrudisha kwenye foleni.

Lakini kungoja kuko kwa namna mbili. Kuna kungoja unakolazimishwa na wengine, ambako kunakula maisha ya mtu. Na kuna kungoja unakochagua mwenyewe kwa sababu unajua kilicho mbele yako. Kambini watu walijua ile ya kwanza. Kando ya barabara yenye barafu inatakiwa ile ya pili.

Barafu inavyofanya kazi

Mtu aliyezoea vumbi na matope ya barabara ya kitaifa nambari 5 anaweza kufikiri kwamba utelezi wa theluji ni kama utelezi wa matope. Si hivyo. Katika matope, gari linakwama. Katika barafu, gari linaendelea kwenda hata kama dereva amekanyaga breki mpaka mwisho.

Wataalamu wa usalama barabarani wanafundisha kwamba juu ya barafu, gari linaweza kuhitaji umbali hadi mara kumi zaidi ili kusimama, kuliko kwenye lami kavu. Tena kuna hesabu nyingine ambayo haibadiliki popote duniani: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji ili kulisimamisha gari unazidi mara nne. Hesabu hizi mbili zikikutana barabarani, hata dereva hodari hawezi kuzishinda.

Hatari kubwa zaidi mara nyingi haiko siku ya baridi kali kuliko zote. Iko siku ambapo joto linacheza karibu na sifuri, kwa maana barafu inayoanza kuyeyuka ina ngozi ya maji juu yake, na hiyo ndiyo inayoteleza zaidi. Barafu hiyo ni nyembamba kiasi kwamba inaonyesha rangi ya lami iliyo chini yake. Dereva anaona barabara nyeusi na kudhani ni maji tu.

Madaraja ndiyo huganda kwanza. Barabara ya kawaida ina udongo chini yake, na udongo hutunza joto. Daraja lina hewa juu na hewa chini, hivyo baridi hulishika pande zote mbili. Tarehe 11 mwezi wa pili mwaka 2021, karibu na mji wa Fort Worth katika Texas, mahali ambapo watu hawakuzoea theluji, magari zaidi ya 130 yaligongana alfajiri kwenye sehemu ya barabara iliyoinuliwa juu, ambayo ilikuwa imeganda. Watu 6 walikufa. Wengi barabarani saa hiyo walikuwa wanakwenda kazini au wanatoka kazini.

Tena kuna giza. Uvira iko karibu na mstari wa ikweta, na mwaka mzima mchana wake unakaribia saa 12. Helsinki, mji mkuu wa Finlandi, siku fupi ya mwezi wa 12 haina hata saa 6 za mwanga. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halitoki kabisa tangu mwisho wa mwezi wa 11 hadi katikati ya mwezi wa kwanza. Mtu anaamka gizani, anafanya kazi, na anarudi gizani. Mwili unachoka bila kujua sababu, na dereva aliyechoka anaona hatari kwa kuchelewa. Katika misitu ya nchi hizo, wanyama wakubwa wenye uzito wa kilo mia kadhaa huvuka barabara bila kutoa habari.

Wenyeji nao walijifunza

Watu wa kaskazini hawakuzaliwa wakijua kwenda polepole. Serikali zao zililazimika kuandika polepole hiyo katika sheria.

Finlandi, baridi inapoingia, alama za mwendo hubadilishwa. Kwenye barabara kubwa za mwendo kasi, kilomita 120 kwa saa hushushwa hadi 100. Kwenye barabara kuu nyingine nyingi, 100 hushushwa hadi 80. Mtu anaweza kupiga hesabu ya kile anachopoteza. Safari ya kilomita 50 kwa mwendo wa 100 inachukua dakika 30. Kwa mwendo wa 80 inachukua dakika 37 na nusu. Tofauti yake haizidi dakika 8.

Uswidi, gari linapaswa kuwa na matairi ya baridi tangu tarehe 1 mwezi wa 12 hadi tarehe 31 mwezi wa tatu, barabara inapokuwa na theluji au barafu. Quebec, jimbo la Kanada ambako Wakongo wengi wanaishi kwa sababu ya lugha ya Kifaransa, sheria inadai matairi hayo tangu tarehe 1 mwezi wa 12 hadi tarehe 15 mwezi wa tatu, hata kama siku hiyo jua linawaka. Matairi hayo yana mpira laini usiokauka kwa baridi, na mengine yana misumari midogo ya kushika barafu. Bei yake inauma kwa familia mpya, na hapo ndipo wengine hujaribu kumaliza mwezi mmoja zaidi na matairi ya kiangazi. Mwezi huo mmoja unatosha.

Norwe ina desturi ambayo mtu wa Uvira angeielewa mara moja. Kwenye barabara zinazopita milimani, kama ile nambari 7 inayovuka uwanda wa Hardangervidda, dhoruba ikizidi kizuizi kinashushwa na magari yote yanasimama. Gari la kusukuma theluji linakuja, magari yanapangwa nyuma yake, na yote yanavuka kwa msafara mmoja, mwendo mmoja, hakuna kupita mwenzako. Hali ikiwa mbaya zaidi, hata msafara haukubaliwi. Tajiri mwenye gari jipya na mkimbizi mwenye gari la zamani wanakaa pamoja nyuma ya kizuizi, wanakunywa chai yao ya chupa, wanangoja.

Hata kutembea kwa miguu kuna namna yake. Wazee wa huko wanavaa chini ya viatu vipande vya mpira vyenye misumari midogo. Wanatembea kama bata: hatua fupi, mguu wote chini, mikono nje ya mifuko. Mgeni anayetembea kwa hatua ndefu na mikono mifukoni ndiye anayevunjika mkono au nyonga.

Pwani ya Tanganyika inajua somo hili

Mtu wa Nyamianda hahitaji kuvuka bahari ili kujifunza hayo. Mithali ya haraka haraka haina baraka kila mtoto anaijua, na kwa mwenye kupanda bwato Kalundu akielekea Baraka, ina maana mbili.

Wavuvi wa ziwa wanatazama mawingu na mlima kabla ya kuingiza mtumbwi majini. Upepo ukiwa mbaya, taa hazitoki usiku huo, na kesho yake ndagala ni kidogo sokoni. Watu wanalalamika juu ya bei, lakini hawamlaumu mvuvi. Pale ambapo busara hiyo iliachwa, ziwa lilidai malipo. Mwezi wa 12 mwaka 2014, meli Mutambala ilizama katika Tanganyika, na watu zaidi ya 100 walikufa. Upepo mkali na mzigo kupita kiasi ndivyo vilivyotajwa kuwa sababu. Ilikuwa pia wiki chache kabla ya sikukuu.

Barabarani, hakuna anayesahau Sange. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka katika kijiji hicho cha bonde la Ruzizi, kaskazini mwa Uvira, lilipokuwa likijaribu kupita basi. Mafuta yalimwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi wao walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Dereva mmoja alitaka kulipita gari moja lililokuwa mbele yake.

Na usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, mito ya Uvira ilipofurika, ikabomoa nyumba na kuua watu, mji wote ulijifunza tena kwamba maji hayajali mwenye haraka. Tangu hapo, anayesimama kando ya mto kutazama maji ana sababu.

Ujuzi huu ndio ambao wengi wanausahau wanapopanda ndege. Wanafikiri kwamba wamefika mahali penye lami, taa na mashini, na kwamba mashini zimeishinda hali ya hewa. Buffalo ilikuwa na lami, taa na mashini.

Simu inayotoka nyumbani

Kuna sehemu ya haraka hiyo inayotoka Uvira yenyewe. Yaya aliye Kanada anaendesha gari, simu inalia. Mama mdogo anauliza kama makuta yametumwa. Asipojibu, simu inalia tena. Mara ya tatu anaipokea, jicho moja barabarani, jingine kwenye simu. Kwenye lami kavu hilo ni kosa. Kwenye barafu linaweza kuwa la mwisho.

Au kuna matanga. Mzee amefariki Uvira, na wana wa ukoo walio katika miji mbalimbali ya Marekani wanaamua kukutana mahali pamoja kulia naye. Wanatoka kazini Ijumaa usiku, wanaendesha saa kumi au kumi na mbili, wanalala kidogo, na Jumapili usiku wanarudi ili Jumatatu asubuhi wawe kazini. Hakuna anayethubutu kubaki, kwa kuogopa kusemwa kwamba Ulaya imemharibu na amesahau watu wake. Ndoa na sherehe za kanisa zinafuata njia hiyohiyo.

Familia iliyobaki nyumbani haiwezi kusukuma theluji, lakini inaweza kupunguza msukumo. Njia ya kwanza ni kujua saa. Finlandi, wakati wa baridi, iko saa moja na Uvira. Norwe na Uswidi ziko nyuma kwa saa moja. Buffalo, New York na Montreal ziko nyuma kwa saa 7: Nyamianda ikiwa saa sita ya mchana, kule ni saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo wengi wako barabarani kuelekea kazini. Ujumbe wa sauti unaweza kungoja hadi mtu ameegesha gari. Simu isiyojibiwa si dharau.

Njia ya pili ni kutoa ruhusa mapema. Mzee wa ukoo akisema wazi kwamba asiyeweza kufika kwa sababu ya dhoruba atakuwa amehesabiwa pamoja na waliofika, ameondoa mzigo mkubwa. Anayehofia lawama ataondoka hata anapoona njia imefungwa. Anayejua kwamba amesamehewa atatazama hali ya hewa kwanza.

Njia ya tatu ni kuuliza maswali mengine. Badala ya kuuliza mtu atafika saa ngapi, inawezekana kumwuliza kama amebadilisha matairi, kama amelala, na kama ana blanketi garini.

Mtu akikwama

Hata anayekwenda polepole anaweza kukwama. Ushauri unaotolewa katika nchi zote za baridi unafanana, na familia za Uvira zinaweza kuukumbusha kwa ndugu zao.

Kabla ya kuondoka, ndani ya gari kuwe na blanketi, koleo, tochi, maji, chakula kidogo, na simu iliyojaa umeme. Mafuta yasishuke chini ya nusu ya tangi. Mtu mmoja abaki akijua njia utakayopita na saa unayotazamia kufika.

Gari likikwama katika dhoruba, kwa kawaida ni heri kubaki ndani yake. Theluji inapovuma mtu anaweza kupotea akiwa mita chache tu kutoka mlangoni. Gari linaonekana kwa urahisi zaidi kuliko mtu, na linakinga upepo. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye antena au mlango.

Injini iwashwe kwa muda mfupi tu, kama dakika 10 kwa kila saa, na kila mara kwanza hakikisha kwamba bomba la moshi halijazibwa na theluji. Acha dirisha wazi kidogo. Moshi wa gari una sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni sumu ileile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa. Hilo linahusu nyumba pia: umeme ukikatika wakati wa baridi, kuingiza jiko la makala au kuwasha mashini ya umeme ndani ya nyumba kumeua familia nzima.

Aliye na nguvu asidharau koleo. Theluji ni nzito, na baridi inabana mishipa ya damu. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aombe msaada, na asiye mgonjwa aondoe kidogo kidogo, akipumzika.

Na kabla ya hayo yote kuna uamuzi ulio mgumu kuliko mengine: kutoondoka. Kumpigia mkuu wa kazi na kumweleza. Kuwaandikia wenye sherehe. Kulala usiku mmoja zaidi kwa rafiki, hata kama watoto wanalia wanataka nyumbani. Waajiri wengi katika nchi hizo wanajua dhoruba ni nini, na amri ya serikali ya kufunga barabara ni sababu ambayo mtu anaweza kuionyesha.

Kwa wale walio Nyamianda, Kavimvira, Kalundu na Mulongwe, kazi yao msimu huu inaweza kuwa nyepesi. Ndugu aliye kaskazini akiandika kwamba theluji ni nyingi, hatafika leo, jibu lina neno moja tu: tutakungojea.